Kitenzi kwanza: namna ya kuandika barua na matangazo ya ofisi kwa Kiswahili chepesi

Soma tangazo hili, la aina inayobandikwa kwenye mbao za ofisi za mitaa kila mara:

"Mamlaka inapenda kuwataarifu wateja wake wote wa maeneo tajwa kuwa kutakuwa na usitishwaji wa muda wa utoaji wa huduma ya maji kutokana na zoezi la ufanyikaji wa matengenezo ya miundombinu ya usambazaji, zoezi ambalo linatarajiwa kuanza tarehe 12/3 saa 2:00 hadi 12:00, hivyo wateja wanashauriwa kuchukua tahadhari ya uhifadhi wa maji ya kutosha."

Ni sentensi moja yenye maneno 53. Neno "maji" linatokea kwa mara ya kwanza likiwa la 21, baada ya msomaji kuvuka "usitishwaji", "utoaji" na "huduma". Humo ndani mna "wa", "ya" na "la" za kuunganisha majina zipatazo 12. Mama anayepita na ndoo hasimami hapo mpaka mwisho. Anaona "Mamlaka inapenda kuwataarifu", anaendelea na safari yake, na siku ikifika anafungulia bomba linatoa hewa tupu. Hapo ndipo simu za ofisini zinapoanza kulia.

Sasa soma hili:

"Maji yatakatika Jumatano 12 Machi, saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni, mitaa ya Mkwajuni na Kisiwani. Teka maji ya akiba Jumanne. Tunabadili valvu ya bomba kuu."

Habari ni ileile, na imeongezewa mambo ambayo la kwanza halikuwa nayo: siku ya juma, asubuhi na jioni, mitaa yenyewe, na siku ya kuteka maji. Linaenea kwenye ujumbe mmoja wa simu.

Mwongozo huu ni wa mtu anayeandika vitu vya namna hii kila siku: katibu muhtasi, ofisa utumishi, mfamasia, ofisa habari wa halmashauri, anayeandaa mikataba ya upangaji. Jambo kubwa ni moja. Kiswahili hubeba karibu kila kitu ndani ya kitenzi. "Hatutawakatia" ni neno moja, lakini ndani yake yumo anayetenda, umo ukanushi, upo wakati, yupo anayetendewa, na lipo tendo lenyewe. Ofisi ikikigeuza kitenzi hicho kuwa jina, "ukatwaji", yote hayo yanadondoka njiani, na mwandishi inambidi ayaokote moja moja kwa "wa", "ya" na "kwa ajili ya". Sentensi inanenepa bila kuongeza habari. Kazi yako kubwa ni kurudisha kitenzi.

KABLA HUJAANZA KUANDIKA

Chukua karatasi uandike majibu manne, kila moja mstari mmoja: nani atasoma, afanye nini, mwisho lini, na asipofanya itakuwaje. Jibu la kwanza lisiwe "wadau wote". Wadau wote hawana macho mamoja. Kama barua inawahusu wazazi na walimu, na kila upande una kazi yake, andika barua mbili, au gawa moja kwa vichwa viwili: "Mzazi afanye nini" na "Mwalimu afanye nini".

Ukishindwa kujibu la pili, usiandike bado. Rudi kwa aliyekutuma umuulize. Barua nyingi nzito huzaliwa hapa: mwandishi hakuwa na hakika ofisi inataka nini, akakimbilia "kuchukua hatua stahiki". Hatua stahiki ni zipi? Msomaji hajui, na mara nyingi mwandishi naye hajui.

Kiwango cha kimataifa cha lugha nyepesi, ISO 24495-1, kilichotolewa mwaka 2023, kinamtazama msomaji kwa mambo manne: apate anachokihitaji, akione kwa urahisi, akielewe, aweze kukitumia. La nne ndilo linalosahaulika zaidi. Mtu anaweza kuelewa kila neno la barua yako na bado asijue aende dirisha lipi.

MSTARI WA KWANZA

"Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu." Mstari huu umezoeleka mno katika barua za Tanzania kiasi kwamba hakuna anayeusoma tena. Ubaya wake ni kwamba umekalia kiti cha mbele. Macho ya msomaji huwa na nguvu kwenye YAH na kwenye sentensi ya kwanza. Baada ya hapo yanarukaruka. Weka hapo jambo lenyewe.

Mpangilio wa barua rasmi usiuguse: kumbukumbu namba, tarehe, anwani, YAH, sahihi na cheo vibaki mahali pake, kwa sababu masjala inavihitaji. Badilisha kilichomo. Badala ya

"YAH: MALIPO YA ADA YA LESENI"

andika

"Yah: Lipa ada ya leseni, mwisho Jumatatu 30 Juni 2025"

Kisha sentensi ya kwanza itaje kiasi na mahali pa kulipia. Sababu, kifungu cha sheria na historia ya jambo vifuate chini. Wengi hupanga kinyume: wanaanza na sheria, wanapita kwenye vikao vilivyoketi, na ombi linakuja ukurasa wa pili. Mpangilio huo unafaa kwa dokezo la ndani la kumshawishi mkuu wa idara. Kwa mwananchi haufai.

Epuka pia kuandika kichwa au aya nzima kwa herufi kubwa. Herufi ndogo zina vichwa na mikia, kama vile "k", "l", "g" na "p", na macho ya msomaji yamezizoea zaidi. Zikiwa kubwa zote, maneno yanakuwa maboksi yanayofanana. Kiswahili, chenye maneno marefu, kinaumia zaidi.

KURUDISHA KITENZI

Pitia rasimu yako na kalamu. Kila neno linaloanza na "u-" na kuishia na "-ji", "-wo", "-o" au "-wa" lililotoka kwenye kitenzi, lizungushie duara. Kila "fanya", "toa", "chukua" na "zoezi" lipigie mstari. Hapo ndipo kitenzi kilipozikwa.

"Kufanya malipo" ni kulipa. "Kufanya uhakiki wa vyeti" ni kuhakiki vyeti. "Kutoa uthibitisho" ni kuthibitisha. "Zoezi la usajili litafanyika" ni tutasajili. "Kuchukua hatua ya kuwasilisha fomu" ni kuleta fomu. Angalia hilo la mwisho kwa makini: "wasilisha" linaficha uelekeo. Kiswahili kina "leta" na "peleka", maneno mawili yanayomwambia mtu kama aje kwako au aende kwingine. Ofisi ikiandika "wasilisha", mwombaji anafika dirishani kwako na fomu iliyotakiwa kwenda kwa mtendaji wa kata.

Baadhi ya vijaza nafasi unaweza kuvifuta tu bila kuweka kitu: "suala zima la", "kwa namna moja au nyingine", "katika kuhakikisha kwamba", "kiasi cha" mbele ya shilingi, "kipindi cha" mbele ya miezi. "Ili uweze kupata kitambulisho" ni "ili upate kitambulisho". Kiambishi "-e" cha mwisho kinatosha kubeba lengo.

Kiambishi hichohicho kinajibu hofu ya wengi, kwamba lugha nyepesi itakosa adabu. Amri tupu, "Lete cheti", kwa mtu mzima usiyemjua kweli inachoma. Lakini Kiswahili kina njia iliyonyooka na yenye heshima: "Tafadhali ulete cheti", "Tunaomba ufike". Anza na "Ndugu" au "Mpendwa mteja", weka "tafadhali" moja, kisha sema jambo. Heshima haiongezeki kwa kurudia "tunapenda kukutaarifu" mara tatu.

Kwa masharti, tumia "-ki-" na "-sipo-". "Ukilipa kabla ya saa 10 jioni, umeme utarudi siku hiyohiyo. Usipolipa, tutakata." Linganisha na "Hakuna urejeshwaji wa huduma utakaofanyika isipokuwa kwa mteja ambaye hajakosa kukamilisha malipo", ambapo msomaji lazima ahesabu kanushi ngapi zinafutana.

Tenganisha pia lazima na hiari. Ofisi hupenda "wanashauriwa" hata kwa jambo lenye faini. Anayeshauriwa ana uhuru wa kukataa ushauri. Ukimtoza faini baadaye, ana haki ya kulalamika. Andika "lazima" kwa lazima, "tunakushauri" kwa ushauri, "ukipenda" kwa hiari, na usivichanganye katika waraka mmoja.

Kuna mtego mmoja wa herufi ya mwisho. "Hutozwa ada" ina maana mtu hutozwa, kama desturi. "Hutozwi ada" ina maana wewe hutozwi. Kidole kikiteleza kwenye kibodi, maana inageuka kabisa na kompyuta haitakuonya, kwa sababu maneno yote mawili ni sahihi. Kwa fedha, andika "Ni bure" au "Ada ni shilingi 5,000".

MINYORORO YA "WA" NA "YA"

"Utekelezaji wa mpango wa uboreshaji wa mfumo wa usambazaji wa maji." Viungo vitano, na kitenzi hakuna. Weka kikomo: viungo viwili mfululizo, cha tatu kikivuka tafuta kitenzi. Hapo ni "tunaboresha mabomba ya kusambaza maji". Mara nyingi asili ya minyororo hii ni tafsiri: waraka uliandikwa kwanza kwa Kiingereza, lugha inayopanga majina kwa foleni bila tabu, kisha mfasiri akafuata foleni ileile neno kwa neno. Dawa ni kusoma aya nzima, kuifunika, na kuisema kwa mdomo kama unamweleza jirani. Andika ulichosema. Kisha rudi kukagua kama hujaacha kitu.

"Amba-" nayo ina ndugu mfupi. "Wateja ambao wamelipa" ni "wateja waliolipa". "Fomu ambazo hazijajazwa" ni "fomu zisizojazwa", na hapa kuwa mwangalifu: "hazijajazwa" inaacha mlango wazi kwamba zitajazwa baadaye, "zisizojazwa" haiachi. Pale tofauti hiyo ina uzito, bakiza "ambazo". Hatufupishi kwa ajili ya kufupisha.

NANI NI NANI

Kiswahili hakitofautishi mume na mke katika "yeye", na "-ake" inaweza kumrudia yeyote aliyetajwa. Katika mazungumzo sauti na macho vinasaidia. Kwenye mkataba havipo. Tazama kifungu hiki cha upangaji:

"Mpangaji atamrudishia mwenye nyumba funguo zake na kufanyika marejesho ya fedha zake ndani ya siku 7."

Fedha za nani? Anarudisha nani? Siku 7 tangu lini? Kesi ndogondogo za amana huanzia kwenye sentensi kama hii. Mwite mpangaji "wewe" tangu mwanzo wa mkataba ("Katika mkataba huu, 'wewe' ni mpangaji"), kisha:

"Siku utakayohama utampa mwenye nyumba funguo zote. Kuanzia siku hiyo, mwenye nyumba ana siku 7 za kukurudishia amana yako ya shilingi 300,000. Anaweza kukata gharama ya kitu ulichoharibu tu, na lazima akuonyeshe risiti ya fundi."

Ni ndefu kuliko ya kwanza, na inastahili kuwa ndefu. Wepesi ni wa msomaji, hata kama kurasa zitaongezeka.

Tendwa, kama "itakatwa" au "imeamuliwa", huficha mtendaji. Kuna wakati mtendaji hana umuhimu: "Ofisi itafungwa" inatosha. Lakini "Imeamuliwa kwamba posho zipunguzwe" inamwacha mfanyakazi akiuliza nani kaamua na akate rufaa wapi. Mtaje.

SAA, TAREHE NA FEDHA

Hapa ndipo watu hukosa basi, huchelewa usaili na kupoteza haki zao, kwa hiyo patazame polepole.

Saa ya Kiswahili huanza kuhesabiwa jua linapochomoza. Simu inaonyesha 8:00 pale tunaposema saa mbili. Barua ikiandika "saa 8:00", nusu ya watu watafika saa mbili asubuhi na nusu saa nane mchana, na wote watakuwa na hoja. Taja sehemu ya siku kila mara, hata kama unaona ni dhahiri: saa 2 asubuhi, saa 8 mchana, saa 10 jioni, saa 3 usiku. Mwaliko ukienda kwa watu waliozoea saa ya Kizungu, ongeza tarakimu za simu baada ya koma: "saa 8 mchana, yaani 14:00".

Usiku una shida yake. Kwa hesabu ya asili ya pwani, siku huanza jua likizama. "Usiku wa Ijumaa" kwa mzee wa Pemba au Lamu ni usiku ambao mwenzake wa Dodoma angeuita wa Alhamisi. Kama umeme utakatwa usiku, andika "usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa". Hakuna atakayekosea.

Tarehe iandike kwa jina la mwezi: 12 Machi. Ukiandika 12/3, programu ya kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wa Marekani itaisoma kuwa 3 Desemba, na barua zinazozalishwa kwa wingi zitatoka hivyo. Weka siku ya juma pia, kisha ihakiki kwenye kalenda. Jumatano ikigongana na tarehe, kila msomaji atachagua anayoitaka.

"Kabla ya tarehe 30" kwa msomaji makini inaishia 29. "Ndani ya siku 14 tangu kupokea barua hii" inamtaka ajue alipokea lini, ahesabu, na akisie kama Jumapili imo. Hesabu wewe. "Siku ya mwisho ya kulipa ni Jumatatu, 30 Juni 2025, saa 10 jioni." Kama sheria inakulazimisha kutumia maneno ya siku 14, yaweke, kisha ongeza tarehe uliyoihesabu.

Fedha ziandikwe kwa tarakimu. "Elfu kumi na tano" inaweza kuwa 15,000 na inaweza kuwa 10,005. Laki ni neno zuri na linaeleweka sokoni, lakini "laki mbili na nusu" kwenye mkataba iandikwe 250,000. Asilimia nazo uziambatanishe na mfano: "Riba ni asilimia 3 kwa mwezi. Ukikopa shilingi 100,000, mwezi wa kwanza riba ni shilingi 3,000."

MFANO WA KARIBU: BAHASHA YA DAWA

Bahasha ya dawa ni waraka mfupi kuliko wote, na kosa lake ni kubwa kuliko la barua yoyote. Chukua dawa mseto ya malaria, ALu. Dozi ya mwenye kilo 35 na zaidi ni vidonge 24: vinne kila mara, mara sita, kwa siku tatu. Dozi ya pili humezwa saa nane baada ya ya kwanza. Zinazofuata ni asubuhi na jioni.

Kwenye bahasha huandikwa "4x2 kwa siku 3". Mfamasia anaona vidonge vinne mara mbili kwa siku. Mgonjwa anaona hesabu ya kuzidisha, au mara nne vidonge viwili. Ile saa nane ya dozi ya pili haimo kabisa. Akiambiwa kwa mdomo "utameza tena baada ya saa nane", anaweza kusubiri mpaka saa nane mchana ipite. Wengine huandika "masaa" ili kuonyesha kwamba ni muda. Wahariri wengi hulikemea neno hilo, na katika Kiswahili sanifu wana haki. Lakini njia salama kwenye bahasha ni kuikwepa hesabu yenyewe na kuandika saa ya ukutani. Kama mgonjwa anameza dozi ya kwanza dirishani Jumatatu saa 4 asubuhi:

Jumatatu saa 4 asubuhi: vidonge 4
Jumatatu saa 12 jioni: vidonge 4
Jumanne asubuhi: vidonge 4. Jumanne jioni: vidonge 4
Jumatano asubuhi: vidonge 4. Jumatano jioni: vidonge 4
Meza pamoja na chakula au maziwa. Maliza vidonge vyote 24 hata ukipata nafuu.

Usiandike "leo" na "kesho". Bahasha itasomwa kesho, na kesho hiyo itakuwa leo. Chapa fomu yenye nafasi wazi za siku na saa, ili mfamasia ajaze kwa nusu dakika huku foleni ikiendelea.

KUCHAGUA MANENO

Lugha nyepesi isichanganywe na lugha ya mtaani. Misemo ya vijana wa Dar es Salaam haifiki Kigoma, na ya Nairobi haifiki Mombasa kwa maana ileile. Tumia sanifu inayosikika redioni.

Neno la kitaalamu lisiloepukika libakize, ulieleze mara moja linapotokea, kisha ulitumie hilohilo mpaka mwisho. Kosa la walimu wa insha linatufuata hadi ofisini: kubadilisha maneno ili yasijirudie. Ukianza na "amana", ukaja na "dhamana", ukamaliza na "fedha za tahadhari", msomaji wa mkataba atadhani ni fedha tatu tofauti.

Istilahi mpya za BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania, zitumie kwa busara. "Kishikwambi" kimeshika katika matangazo mengi, lakini kwa mkulima mzee andika "kishikwambi, yaani tableti" mara ya kwanza. "Nywila" bado inawachanganya wengi. "Neno la siri" linaeleweka bila maelezo. Waraka ukivuka mpaka, angalia maneno yenye maana mbili: "kodi" peke yake inaweza kuwa ya nyumba au ya serikali pande zote mbili. Andika "kodi ya nyumba" au "kodi ya mapato".

UJUMBE WA SIMU

Ujumbe mmoja wa kawaida hubeba herufi 160, nafasi na alama zikiwemo. Ukizidi, unagawanywa vipande vya herufi 153, na ofisi inalipia kila kipande. Ule ujumbe wa maji hapo juu una herufi 157.

Kuna hitilafu moja inayopandisha gharama bila mtu kujua sababu. Ukiandika "ng'oa" kwenye programu ya kuandikia, mara nyingi hugeuza ile alama iliyonyooka kuwa iliyopinda. Alama iliyopinda haimo katika seti ya kawaida ya herufi za simu, kwa hiyo mtambo hubadili ujumbe wote kuwa wa seti pana, na nafasi inashuka kutoka 160 hadi 70. Kialama kimoja, na ujumbe mmoja umekuwa vipande vitatu. Emoji hufanya vivyo hivyo. Kabla hujatuma kwa wateja 20,000, bandika maandishi kwenye programu isiyopamba maandishi, uichape upya ile alama, kisha nakili kutoka hapo.

BOSI AKISEMA "HII SI RASMI"

Itatokea. Jibu kwa upole na kwa ushahidi. Urasmi wa barua uko kwenye kumbukumbu namba, mhuri, sahihi na cheo. Hakuna hata kimoja ulichokiondoa. Kama ofisi iko Kenya, ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mtumiaji haki ya kupata habari anazozihitaji ili anufaike na bidhaa na huduma. Afrika Kusini, sheria ya kumlinda mtumiaji ya 2008 inadai wazi lugha nyepesi katika nyaraka za mteja. Na Tanzania, tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, ile sentensi yako ya mkataba inaweza kusomwa na hakimu kwa Kiswahili hichohicho ulichoiandika, bila kinga ya toleo la Kiingereza.

Ukiweza, usibishane kwa maneno. Chukua matangazo mawili, la zamani na jipya, umpe mtu wa mapokezi ayasome kwa sauti mbele ya bosi.

KUJARIBU KABLA YA KUTOA

Usitegemee alama ya usomekaji inayotolewa na programu za Kiingereza. Huhesabu silabi, na "hatutawakatia" ina silabi saba. Itakuambia ni neno gumu, ilhali mtoto wa darasa la pili analielewa. Hesabu maneno kwa kila sentensi. Lenga 12 hadi 15, na isiwepo inayovuka 25.

Soma kwa sauti. Matangazo mengi yatafika kwa sikio: mwenyekiti wa mtaa atayasoma mkutanoni, gari la matangazo litapita nayo, yatasomwa baada ya swala au ibada. Pale pumzi inapokatika kabla ya nukta, kata sentensi.

Kisha tafuta watu watano wasio wa ofisini kwako: mlinzi, mama lishe, dereva wa bodaboda, mzee anayesubiri kwenye benchi, mwanafunzi. Usiwaulize "Umeelewa?" Kwa adabu zetu kila mtu atajibu ndiyo. Waulize: "Jumatano utafanya nini?" "Utaenda wapi, na nini mkononi?" "Ukichelewa itakuwaje?" Wakikosea wawili kwenye sehemu moja, sehemu hiyo ndiyo mbovu, usianze kuwaelimisha, irekebishe. Jaribio zima linachukua chini ya saa moja.

Tangazo likishatoka, weka daftari karibu na simu ya mapokezi. Kila anayepiga kuuliza, andika swali lake kwa maneno yake mwenyewe. Swali lililoulizwa mara tatu linaonyesha sentensi iliyokosekana. Iandike kwenye kiolezo kilichoko masjala siku hiyohiyo, ufute kiolezo cha zamani kwenye kompyuta, na uichane nakala yake iliyobandikwa ukutani, maana hiyo ndiyo mtumishi mpya atakayeinakili.